Kuna nini cha kuona kwenye ukuta wa zege?

SWALI: Nafanya kazi kwenye jengo la manispaa la miaka ya 1960, zege tupu nje na ndani. Wageni husimama kulipiga picha; sisi tulio ndani tunaliona kama ghala. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba limejaa ufundi, lakini mimi sioni hata ua moja lililochongwa. Niangalie nini?
Karani wa masjala

JIBU: Ndugu karani, mwenzako amesema kweli. Wewe unatafuta pambo lililobandikwa, na wasanifu wengi wa kizazi kile hawakutaka kubandika kitu. Ufundi waliuweka pale mkono wako unapogusa na pale vitu viwili vinapokutana.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa seremala wa kufunga mbao za kumiminia zege, kwa hiyo niruhusu nianze na ukuta. Usogelee mpaka pua ikaribie kuugusa. Kama una michirizi, hizo ni alama za mbao. Zege bichi hunakili kila kitu: nyuzi za mti, jicho la ubao, hata meno ya msumeno. Kati ya ubao na ubao kuna ukingo mwembamba uliotokeza. Ni uji wa saruji uliopenya kwenye mwanya. Yale matundu ya mviringo ni ya vyuma vilivyozishika mbao zisiachane kwa uzito wa zege. Kwenye jengo lililojengwa kwa haraka yametapakaa ovyo. Kwenye jengo lililofikiriwa yamenyooka, yakaenda sambamba na fremu za madirisha, maana yake kuna mtu aliyachora yote kwenye karatasi kabla mchanga haujashushwa. Ukibahatika kufika London, nenda ukumbi wa maigizo wa National Theatre, uliofunguliwa mwaka 1976, ukapapase kuta zake. Alama za mbao zimeachwa wazi hata sehemu za ndani wanapopita watazamaji.

Halafu chungulia chini ya vizingiti vya madirisha vinavyotokeza nje. Huenda ukaona mfereji mdogo, upana wa kidole. Maji ya mvua yakifika hapo hukatika na kudondoka, badala ya kurudi ukutani na kuacha michirizi myeusi. Mimi huutafuta kila ninapofika kwenye jengo nisilolijua.

Lakini jengo la umma lililonifundisha zaidi ni la matofali mekundu: zilizokuwa ofisi za halmashauri ya Säynätsalo, kisiwani Ufini, kazi ya msanifu Alvar Aalto, lililokamilika mwaka 1952. Mishikio ya milango imezungushiwa ngozi, kwa hiyo kiganja hakikutani na chuma kitupu. Kwenda ukumbi wa madiwani unapanda ngazi za matofali kwenye njia nyembamba, mwanga ukiingia kwa juu. Ukivuka kizingiti cha ukumbi, matofali yanaisha na sakafu ya mbao inaanza: mlio wa viatu vyako unabadilika, na mwili unajua umefika mahali pa heshima kabla hujasoma kibao chochote. Inua macho. Kenchi mbili za mbao zimetanua matawi yake kama vidole vya mkono uliofunguliwa, zikibeba paa. Inasimuliwa kwamba madiwani walipolalamika ukumbi ni mrefu mno kwenda juu, Aalto aliwajibu kwamba ule wa Siena, Italia, una mita 16, basi wao wajenge 17. Na hicho kilikuwa kijiji cha wafanyakazi wa kiwanda cha mbao! Ndiyo maana nalipenda: aliwapa watu wa kawaida kile ambacho miji tajiri ilijipa yenyewe.

Kwako wewe, kesho anza na mkono wa ngazi. Ufuate kwa kiganja hadi kwenye kona uone kama unapinda pamoja nawe au unakatika. Kisha tazama ukuta unapokutana na dari: mara nyingi huachwa mwanya mwembamba wa kivuli ili kingo zote mbili zionekane zimenyooka.

Jambo moja zaidi, nalo ni la haraka. Majengo ya umri huo mara nyingi hufikia zamu ya kupakwa rangi ili "yapendeze". Rangi huziba kila alama niliyokutajia, na kuitoa kwenye vinyweleo vya zege ni kazi ngumu na ya gharama. Pendekezo hilo likiletwa kikaoni, tafadhali pinga, uombe kuta zisafishwe kwa maji na brashi laini.