Uzamivu (PhD) wa saratani na biolojia ya ukuaji: maswali yenu

Saratani na kukua kwa mtoto tumboni vinahusianaje hata visomwe pamoja? (Mwanafunzi, Jinja)

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Chukua yai la kuku wa kienyeji aliyepandwa na jogoo, liatamiwe siku tatu, kisha toboa kidirisha kwenye gamba. Utaona mishipa myembamba imetandaa juu ya kiini, na katikati kitone chekundu kinachodunda. Huo ni moyo. Seli zile zinafuata amri: gawanyikeni, hameni, kisha tulieni. Saratani huzuka amri hizohizo zikitolewa wakati si wake, au ile ya kutulia isiposikika.

Sisi tuna mfano wa nyumbani kabisa. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Baadaye ikagundulika kwamba katika seli za uvimbe huo kromosomu ya 8 (moja ya nyuzi zinazobeba jeni) hubadilishana vipande na nyingine, mara nyingi ya 14, na jeni ya MYC inayohimiza seli kuongezeka hubaki imewashwa. Jeni hiyohiyo ikikosekana, kiinitete cha panya hufa kabla ya kuzaliwa. Ukishalielewa hilo, hutauliza tena kwa nini masomo haya ni mamoja.

Nina shahada ya kwanza tu. Je, naruhusiwa kuomba uzamivu? (Mbarara)

Marekani, programu nyingi zitakupokea bila uzamili. Jiandae kwa miaka mitano au sita: mwaka wa kwanza una madarasa, na unapitishwa katika maabara mbili tatu kabla ya kuchagua msimamizi. Kisha huja mtihani wa kukuthibitisha, ambapo unatetea wazo lako la utafiti mbele ya jopo. Wengi huuogopa kuliko tasnifu yenyewe. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, na utafiti huanza karibu siku ya kwanza. Makerere, kwa kawaida, hutaka uwe na uzamili kwanza.

Profesa maarufu amekubali kuniandikia barua ya kunipendekeza, ila hanifahamu vizuri. Nimpe kazi hiyo? (Kampala)

Hapana, ndugu yangu. Mpe aliyekuona maabara jaribio likikataa mara ya tatu, nawe ukarudi Jumatatu na mpango mwingine. Barua ya mtu huyo, hata kama ni mhadhiri kijana, inaeleza kile jopo la udahili linachotaka kujua. Nimewahi kusoma barua zenye vyeo vikubwa zisizotaja kitu hata kimoja alichofanya mwombaji, na nikasikitika, kwa sababu mwombaji mwenyewe alikuwa hodari.

Ada nitaitoa wapi? (Arua)

Programu nyingi za sayansi za Marekani hulipia ada na kukupa posho ya kujikimu. Ada ya maombi ndiyo huwakwamisha watu wetu. Andikia ofisi ya udahili mapema, uombe kusamehewa.

Nikibaki Uganda, nitapata kazi ya maana ya kufanya? (Entebbe)

Wewe uko Entebbe, jirani na taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa 1936! Mulago kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda, tangu 1967. Wagonjwa na maswali viko hapa. Usisahau vibali vya utafiti: kamati ya maadili kwanza, kisha usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa wanyama nao unapitia ukaguzi wa maadili. Tenga miezi kadhaa, na usikusanye hata tone la damu kabla ya barua ya kibali kutolewa.

Nina miaka 38 na watoto wawili. Nimechelewa? (Mama, Masaka)

Hujachelewa, dada. Vyuo kwa kawaida haviangalii umri. Baadhi ya wafadhili ndio huweka ukomo, wa umri au wa miaka tangu shahada ya mwisho, kwa hiyo anza na kipengele hicho kwenye tangazo. Uliza pia kama posho ya familia imo.