Herufi é inakataliwa na programu yangu

SWALI: Mambo vipi kaka, niko Ujiji hapa Kigoma, nimeandika programu ya C ya kusajili abiria wa maboti, inakagua jina herufi moja moja kwa isalpha (fankshoni ya C ya kuuliza kama kitu ni herufi). Juma na Asha wanapita freshi, ila akija dada wa Bujumbura anaitwa Béatrice inamkataa. Nimeweka iswalpha, ile ya herufi pana, bado inagoma. Nakosea wapi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Kwa jinsi Warundi na Wakongo wanavyopishana hapo ziwani lazima ungekutana nalo tu. Isalpha inapima baiti moja, na é kwenye UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote kama baiti) inakaa baiti 2, kwa hiyo unaipa vipande ambavyo kimoja kimoja sio herufi. Iswalpha ya kwenye wctype.h ndo yenyewe, ila inasikiliza lokali (mipangilio ya lugha na herufi), na programu ya C ikiwaka inaanza na lokali inayoitwa "C", ambayo mara nyingi haijui zaidi ya a mpaka z. Ingiza locale.h, weka setlocale(LC_ALL, "") mwanzoni kabisa mwa main, afu jina ligeuze kuwa wchar_t (aina ya data ya herufi pana) kwa mbstowcs ndo ukague, maana ukiipa iswalpha char ya kawaida umerudi palepale (hapa wengi wanachemsha, hata mimi nilishachemsha). Na mashine yenyewe iwe imesetiwa lokali ya UTF-8.

Halafu jiandae na akina Ng'wandu, apostrofi sio herufi hata kwa iswalpha, hiyo iruhusu mwenyewe.