Maswali ya Wasomaji: Zimwi la Norwe na Uji Mkobani

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu ana miaka sita na kila usiku hunidai hadithi za matroli wa Norwe. Nimekwama kwenye kisa cha kijana anayeshindana kula na troli, kwa kuwa mwishoni troli anajipasua tumbo kwa kisu na kufa. Je, niuondoe mwisho huo? Na je, ni sawa nikimwita troli jini?
Mama msimulizi, Morogoro

JIBU: Ahsante, mama. Nianze na jina: mwite zimwi. Jini wetu haonekani kwa macho, naye humpanda mtu kichwani akapungwa kwa ngoma, ilhali troli ana mwili mzito na pua ndefu, ana kisima na jiko lake mlimani, na jua likimkuta nje hugeuka jiwe. Wanorwe wameyapa hata majabali jina lake, kama Trolltunga, yaani ulimi wa troli, jabali lililochomoza juu kabisa ya ziwa. Zimwi la ngano zetu, lenye tamaa kubwa kuliko akili, ndilo ndugu yake wa karibu.

Mwisho usiuondoe hata kidogo. Kisa hiki, ambacho Peter Christen Asbjørnsen na Jørgen Moe walikichapisha katika mkusanyiko wao wa ngano miaka ya 1840, chote kinaelekea kwenye tumbo hilo. Kwanza Askeladden, kitinda mimba wa ndugu watatu, anakamua jibini kiganjani hadi maji yake yanachuruzika, naye analiaminisha zimwi kwamba anakamua jiwe. Kisha, akitumwa maji kwa ndoo za chuma asizoweza hata kuzisogeza, anasema kwamba ndoo hizo ni ndogo mno na kwamba heri akilete kisima chote, basi zimwi linaogopa kupoteza kisima chake na kwenda kuchota lenyewe. Mtoto aliyecheka mara mbili anaingoja ya tatu, na kumnyima ni kumkatia uhondo.

Ya tatu ni mashindano ya kula uji: kijana anaujaza uji mkobani alioufunga tumboni, kisha anaupasua mkoba kwa kisu ili aendelee kula, nalo zimwi, likidhani amepasua tumbo, linamwiga. Unapoisimulia, jifunge mkoba tumboni, kaa mbele ya bakuli, na kwa kila kijiko kiingiacho kinywani, viwili viingie mkobani. Kisu usikishike kabisa. Pitisha kidole tu juu ya mkoba, kwa sababu mtoto wa miaka sita huiga anachokiona. Zimwi likiuliza kama haiumi, jibu kama kijana anavyojibu, kwamba si maumivu ya kutajwa, kisha nyamaza kidogo. Kifo chenyewe ngano inakipitia kwa sentensi moja, nawe fanya hivyo hivyo, uende moja kwa moja hadi pale kijana anapobeba fedha na dhahabu za zimwi kwenda kulipia deni la baba yake, kwani deni hilo ndilo lililompeleka msituni kukata miti.