Mzazi wa njiti apewe kazi siku ya kwanza

Ukianza zamu katika wodi ya watoto wachanga mahututi, macho yako yatanaswa na monita. Ni sawa, ila mtazame pia mama aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye inkubeta, mikono kifuani. Mwanawe anahudumiwa na kila mtu isipokuwa yeye, na hapo hofu na sonona hupata pa kukulia. Maneno ya faraja peke yake hayamsaidii sana. Mpe kazi.

Anawe mikono hadi viwikoni, avue pete na saa, asubiri viganja vipate joto. Kisha kiganja kimoja kifunike kichwa cha mtoto, kingine kiikumbatie miguu iliyokunjwa, na atulie hivyo bila kupapasa. Wengi huanza kwa kusugua kwa ncha za vidole, na mtoto aliyezaliwa wiki ya 27 ya mimba hastahimili: mapigo ya moyo yanabadilika, oksijeni inashuka, king'ora kinalia, na mama anaondoka akiamini amemdhuru. Usimruhusu aondoke na imani hiyo. Mrudishe, atulize mkono, mngoje pamoja namba zipande.

Kisha kangaroo: mtoto afungwe kwa kitambaa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia au mwenye shoki (damu haizunguki vya kutosha mwilini), daktari aamue kwanza. Mama ale na aende haja kabla ya kukaa. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Kama ana mirija, muwe wawili: mmoja abebe mtoto, mwingine ashike mirija na kuibandika kwenye nguo ya mama. Kichwa kigeuzwe upande, kidevu kiinuliwe kidogo, na ukingo wa kitambaa ufike chini ya sikio. Kikilegea, mama akisinzia shingo hujikunja na njia ya hewa huziba. Wakae angalau saa nzima. Kuhamishwa kwenyewe humchosha mtoto, hivyo dakika 15 ni uchovu bila faida.

Maziwa yanahitaji ulimi wa adabu. Kukamua ni angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, na siku za mwanzo hutoka matone tu. Swali la "umeleta mililita ngapi?" mbele ya wenzake ni hukumu, hata ukiliuliza kwa tabasamu. Pokea tone hilo la dang'a, mwonyeshe jinsi ya kulipaka mdomoni mwa mtoto.

Machozi ya wiki mbili za kwanza ni ya kawaida. Yakizidi hapo, au akiacha kulala hata anapopata nafasi, akikwepa kuja wodini, tumia dodoso la Edinburgh la kupima dalili za sonona baada ya kujifungua: maswali 10, alama 0 hadi 30. Usijumlishe tu. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru, na jibu lolote zaidi ya "kamwe" linataka asiachwe peke yake na daktari ajulishwe zamu hiyo hiyo, hata kama jumla ni ndogo.

Baba naye aulizwe, faragha, mama asiwepo. Akijibu "niko sawa tu", muulize amelala saa ngapi na amekula nini leo.