Sista, mbona naanguka tu ghafla?

*Sista habari yako. Mi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, nauza chapo Kayole. Tangu mwaka jana nimezimia mara tatu. Ya kwanza nilikuwa nakimbilia matatu pale Odeon, ya pili nilikuwa nageuza chapo nikaamka mkono umeungua mpaka kwa kiwiko, ya tatu nilikuwa nimekaa tu kanisani na hata hakukuwa na joto. Sisikii chochote kabla, ni kama stima imepotea. Watu walisema mikono ilitingisika kidogo basi kliniki fulani wakaniambia ni kifafa, nameza dawa miezi 5 sasa na hiyo ya kanisani imenipata nikiwa kwa dawa. Mama mkwe anasema ni mambo ya kwetu juu kaka yangu alikufa usingizini akiwa na miaka 19 na hakuwa mgonjwa. Nifanye nini?* Mama Brayo, Kayole

Mama Brayo, pole sana na huo mkono. Hiyo ya kaka yako umeiweka mwisho na ndiyo ungeanza nayo, sijui kama huko kliniki walikuuliza. Mtu kuzimia akisimama kwa laini ndefu juani ama akiona damu ni kawaida, mara nyingi anasikia kizunguzungu na jasho kwanza. Lakini kuanguka ukikimbia, kuanguka ukiwa umekaa, bila onyo, na kwenu kuna kijana alilala akakosa kuamka, hapo mi nafikiria moyo kabla ya kitu kingine chochote. Moyo ukisimama kidogo ama ukienda mbio mpaka hausukumi damu, ubongo hauvumilii, sekunde kama 10 tu na uko chini. Na mtu akikosa damu kichwani anaweza kutingisika mikono, ndio maana wengi hupewa jina la kifafa.

Mi mwenyewe niliambiwa ni presha ya kushuka, miaka miwili nikinywa maji ya chumvi na chai ya sukari mingi, na mi ni nesi! Aliyeniokoa ni binti yangu. Nilianguka akiwa hapo anakuna nazi, akaangalia saa badala ya kupiga nduru, akamwambia daktari, "midomo ilikuwa kama majivu, akalala sekunde 20, akaamka akaniuliza mbona umeacha kukuna." Hiyo ya kuamka na akili timamu ndiyo ilimfanya daktari ainue kichwa, kwa sababu mtu wa kifafa mara nyingi huamka amechanganyikiwa kwa muda, ana usingizi, pengine ameuma ulimi pembeni. Basi tafuta yule aliyekaa na wewe kanisani uende naye kwa daktari. Wewe hukujiona ukianguka, yeye alikuona.

Usiache dawa ya kifafa ghafla, hiyo iachie daktari. Omba barua ya rufaa uonwe na daktari wa moyo, hospitali ya Kenyatta wana kliniki yake, na usingoje uanguke ya nne. Utapigwa ECG, kile kipimo cha kuchora mapigo ya moyo kwa karatasi, lakini ujue karatasi ile ni kama sekunde 10 tu za moyo wako, ikitoka safi usiambiwe uende nyumbani ukalale. Kuna holta, kamashine unavaa siku moja ama mbili ukiendelea na chapo zako, yangu ndiyo ilionyesha moyo umesimama sekunde 6 saa tisa usiku, ndio nikawekewa pesimeka, kamashine ka kuuambia moyo upige. Kama unazimia mara chache kuna kingine kidogo kinawekwa chini ya ngozi ya kifua, kinarekodi hata miaka 3. Na mwambie daktari kila dawa unayomeza, kwinini ya malaria na ile antibiotiki erithromaisini kwa mfano zinaweza kuvuruga mapigo ya wenye shida ya moyo ya kurithi. Mama mkwe hajakosea kabisa, inaweza kuwa mambo ya kwenu, lakini ni ya damu sio ya uchawi, kwa hivyo Brayo na mwenzake pia wapigwe ECG.

Kwa sasa choma chapo ukiwa umekaa na mtu mwingine ashike hiyo karai ya mafuta, mlango wa bafu usifunge na komeo, na usimbebe mtoto mgongoni ukiwa peke yako. Ukianguka wasikuinue wala wasikutie kijiko mdomoni, wakulaze chini wainue miguu yako. Ukikosa kupumua wasukume katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mmoja akiita gari.

*Sista, mi ni fundi wa kuchomelea Kamukunji, nimewekwa pesimeka mwezi uliopita. Naweza kurudi kazi? Na hawa askari wa moli na kale kafimbo kao ka kutafuta chuma?* Fundi

Fundi, mashine ya welding isiwashwe mpaka uongee na waliokuwekea, wanataka kujua ampea zako na aina ya pesimeka, wengine hurudi kwa masharti, wengine huambiwa wabaki na nyundo na msumeno tu. Simu weka mfuko wa upande mwingine, sentimita 15 kutoka kifaa inatosha. Askari muonyeshe kadi yako umwambie asishikilie kafimbo juu ya kifua, akipitisha haraka hakuna shida. Mi huwa wananiangalia kama mwizi lakini nimezoea.

*Ni kweli mwenye pesimeka hawezi kukata roho mpaka betri itolewe?* Umoja

Hapana jamani. Pesimeka inaambia moyo piga, nyama ya moyo ikishakufa hakuna wa kusikia. Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa, aliwekwa 1958, akabadilishiwa zaidi ya 20 na akafa 2001 kwa kansa. Ila kama familia yenu huchoma maiti, waambieni wa mochari waitoe kwanza, ile betri hulipuka ndani ya moto.