Kuongoza ukiwa huna cheo: niliyoyaona kwenye kwaya yetu

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu. Umeeleza kwamba ulikosa uenyekiti wa vijana usharikani, aliyechaguliwa amelala, vijana wanapungua, na unauliza utawaongozaje wakati huna cheo. Nimeimba besi kwenye kwaya ya usharika miaka mingi bila kushika wadhifa. Aliyenifundisha jambo hili ni mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye naye hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa mtunza sare.

Binti mmoja wa kwaya alipata mimba nje ya ndoa, akatengwa. Muda ukapita, akatubu, mchungaji akamrudisha kundini mbele ya ibada. Alikuwa huru kuimba tena. Lakini siku ya mazoezi, kila benchi alilosogelea mtu aliweka mkoba: "Hapa kuna mwenyewe." Mwenyekiti aliona, mwalimu wa kwaya aliona, wote wakainamia madaftari. Yule mama akainuka, akamshika binti mkono, akamkalisha ubavuni pake na kufungua daftari lake la nyimbo waimbie wote wawili. Hakuhubiri. Jumapili wakaingia kanisani pamoja kwenye mstari, na minong'ono ikakoma.

Mwenyekiti angetoa tamko, watu wangeguna. Kwa mama hawakuguna kwa sababu tulimjua. Kwenye misiba alikuwa jikoni tangu alfajiri, na haondoki mpaka masufuria yameoshwa. Ukimpa siri, imekaa. Mhazini alipolazwa, mama ndiye aliyeshika michango ya safari, akaleta hesabu mpaka chenji ya nauli. Hakuyafanya hayo ili asikilizwe. Ila siku binti alipohitaji wa kusimama naye, heshima ile ilikuwepo, na aliitumia kwa mtu asiye na cha kumlipa. Huko ndiko kuongoza ninakokujua mimi.

Fungua Matendo ya Mitume umfuate Barnaba. Sura ya 4 anauza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Sura ya 9 wanafunzi wa Yerusalemu wanamwogopa Sauli, na ni Barnaba anayemchukua na kumpeleka kwa mitume. Sura ya 11 anasafiri hadi Tarso kumtafuta, wakafundishe pamoja Antiokia. Sura ya 13 inaanza na "Barnaba na Sauli". Kabla haijaisha wanatajwa Paulo, ndiye yule Sauli, na Barnaba. Husomi popote kwamba alinung'unika jina lake lilipokuwa la pili. Mimi nampima mtu hapo kuliko kwenye maombi yake marefu.

Na si mambo ya zamani za mitume tu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu wengi huku Kagera waliokoka humo, ulibebwa sana na walei, waumini wa kawaida wasio makasisi. Simeoni Nsibambi wa Kampala hakuwa kasisi. Mwaka 1929 alikutana Namirembe na daktari Mwingereza, Joe Church, wakasoma Biblia na kuomba pamoja; miaka ya 1930 uamsho ukaenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama hadharani na kurudisha walivyoiba. Mwizi wako akikuletea mali yako kwa mikono yake, huulizi ana cheo gani kanisani.

Sasa turudi kwako. Usianzishe vikao vya pembeni. Ukikusanya watano wakusikilize wewe na si mwenyekiti, umeunda kambi, na usharika utapasuka hata kama hoja zako ni nzuri. Mambo ya fedha na nidhamu mwachie yeye. Yanahitaji mtu aliyekabidhiwa, na ukiona yanaharibika, mwambie faraghani, kisha mchungaji.

Lakini kumtembelea kijana aliyeacha kuja hakuhitaji kura. Anza na mmoja, hasa yule ambaye wenzake wanamsema vibaya. Nenda kwao, usimuulize kwanza habari za ibada, muulize habari zake. Ana mtihani, ana mgonjwa nyumbani, kazi imekwama? Saidia panaposaidika, na usiyatangaze kwenye kundi la simu. Halafu kabla hujamleta, mpigie mwenyekiti, umwombe ampokee yeye mwenyewe mlangoni. Akikataa, andika tena hapa tushauriane.