Mtoto alikwisha kupumua, mbona degedege lilikuja kesho yake?

SWALI: Daktari, salaam. Nilijifungua mtoto wa kiume katika kituo cha afya hapa wilayani Tororo baada ya uchungu wa muda mrefu. Alizaliwa kimya, amelegea, midomo ya buluu. Mkunga akampulizia hewa kwa kifuko na barakoa mpaka akalia, tukashukuru. Kesho yake mkono mmoja ukaanza kurukaruka, akawa anatafunatafuna na macho yamekazia upande mmoja. Niliambiwa ni degedege kwa sababu ubongo ulikosa oksijeni. Ikiwa hewa ilirudi jana, kwa nini ubongo uumie leo? Tena dada yangu aliyeko Uingereza anasema huko watoto hawa hupozwa mwili. Mbona wangu hakupozwa?
Mama wa mtoto mmoja, Tororo

JIBU: Pole sana, mama. Mtoto mchanga ana kinga fulani dhidi ya ukosefu wa oksijeni. Oksijeni inapopungua, mwili wake hubana damu ya ngozi, misuli na utumbo ili ubongo na moyo vipate zaidi, na seli za ubongo hupunguza kazi zake zikitumia sukari bila oksijeni, njia ambayo hutoa nishati kidogo na kuacha asidi nyingi.

Hali hiyo ikiendelea, nishati huisha, na hapo kemikali iitwayo glutameti, ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari, hujaa kupita kiasi na kuifungulia kalisiamu njia ya kuingia ndani ya seli, nayo ikizidi humo huziharibu. Uchanga wenyewe huongeza hatari, kwa kuwa ubongo unaokua una vipokezi vingi vya glutameti, yaani milango ya seli inayofunguliwa na kemikali hiyo, vinavyopitisha kalisiamu kwa urahisi. Vipokezi hivyohivyo ndivyo vinavyomwezesha mtoto kujifunza.

Mtoto wako alipoanza kupumua, nishati ilirudi, na kwa saa kadhaa huenda alionekana ametulia. Lakini mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, zilikuwa zimekwisha kujeruhiwa. Kuanzia saa 6 hivi baada ya kuzaliwa, na kwa siku chache zinazofuata, huweza kushindwa kwa mara ya pili, seli zikavimba au zikaanza kujiua zenyewe, na mara nyingi degedege hutokea katika kipindi hicho. Kwa hiyo degedege la kesho yake si ushahidi kwamba mkunga alifanya kazi vibaya. Kumpulizia mtoto hewa mapema, ikiwezekana ndani ya dakika ya kwanza, ndiko kunakookoa maisha.

Dada yako amesema kweli. Katika hospitali zenye vyumba kamili vya wagonjwa mahututi, mtoto hupozwa hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, na kazi hiyo huanza kabla ya saa 6 kupita tangu azaliwe. Hata hivyo, jaribio dogo la kupoza watoto kwa chupa za maji lililofanyika katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, lilionyesha vifo vingi zaidi miongoni mwa waliopozwa. Jaribio kubwa la India, Sri Lanka na Bangladesh, lenye watoto 408, nalo lilitoa matokeo yake mwaka 2021: kupoza hakukupunguza vifo na ulemavu vikihesabiwa kwa pamoja, na waliopozwa walikufa zaidi. Kwa hiyo sioni kwamba mtoto wako alidhulumiwa. Tafadhali usimfunike kwa vitambaa vya maji nyumbani. Hata hivyo homa nayo huumiza ubongo uliokwisha jeruhiwa, hivyo akipata joto kali mpeleke kituoni mara moja.

Usiache dawa ya degedege kwa uamuzi wako mwenyewe. Hali ya siku za kwanza haitoshi kutabiri maisha yake, na watoto waliopata athari ndogo mara nyingi hukua vizuri. Ila sehemu za ndani za ubongo zinazoratibu mwendo wa viungo ni miongoni mwa zinazoumia haraka, kwa hiyo mrudishe kliniki kila unapoitwa. Akipaliwa kila anaponyonya, au akifikisha miezi 4 bila kukaza shingo huku ngumi zimefumbwa muda wote, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.